Nyumba ya Muda Nayo Hupambwa: Sebule na Ua, kutoka Area 47 hadi Dzaleka

Wahenga walisema, "Nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani." Methali hii huwahusu hasa wale ambao milango ya nyumba wanazokaa si mali yao. Askari hupewa nyumba ya kazi kambini. Konstebo hupewa vyumba viwili katika kota za polisi. Mwalimu na karani hupanga nyumba ya mtu karibu na mahali pa kazi. Wote hao hujua kwamba barua ya uhamisho yaweza kufika siku yoyote, na kwamba siku hiyo funguo zitarudishwa na lori litapakiwa.

Kwa sababu hiyo jamii nyingi huahirisha kazi ya kuipamba nyumba. Husemwa, "Tutapamba tutakapojenga kwetu." Mwaka hupita, na mingine mitano ikafuata. Mtoto aliyeletwa hapo akiwa mchanga huanza shule na kumaliza darasa la saba, na muda wote huo amelelewa katika chumba chenye kuta zilizochujuka na misumari mitupu, kana kwamba wazazi wake wamo safarini. Ikumbukwe kwamba utoto hauahirishwi pamoja na ujenzi.

Makala haya yanaeleza jinsi jamii inavyoweza kupamba sebule, baraza na ua wa nyumba isiyo yake bila ya kutupa fedha na bila ya kumkosea mwenye nyumba. Mifano imechukuliwa nchini Malawi, katika mtaa wa Area 47 mjini Lilongwe na katika kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, ambako Kiswahili husikika kila siku sokoni na katika nyumba za ibada.

NYUMBA ZA NAMNA MBILI

Lilongwe ulifanywa makao makuu ya Malawi mwaka 1975, badala ya Zomba. Ni mji uliopangwa kwa ramani, nao umegawanywa katika maeneo yanayoitwa Area, kila moja na namba yake. Mgeni hushangaa kuona kwamba namba zinazofuatana si lazima ziwe jirani. Area 47 ni mtaa wa makazi ambao nao umegawanywa katika sekta. Nyumba zake nyingi ni za matofali ya kuchoma, zenye sakafu ya saruji, madirisha ya nondo na ua mbele na nyuma. Wakazi wake wengi ni wafanyakazi na wafanyabiashara, na miongoni mwao wapo wapangaji. Nyumba za namna hiyo hazitofautiani sana na zile ambazo afisa au mkaguzi wa polisi hupangiwa katika miji mingine ya Afrika ya Mashariki.

Dzaleka iko katika wilaya ya Dowa, umbali wa kilomita zaidi ya 40 kutoka Lilongwe. Zamani, katika utawala wa Rais Kamuzu Banda, palikuwa na gereza lililowafunga wapinzani wa kisiasa. Mwaka 1994 pakafanywa kambi ya wakimbizi waliokimbia vita na mauaji katika Rwanda, Burundi na Kongo. Kambi hiyo ilikusudiwa watu kati ya 10,000 na 14,000, lakini kufikia mwaka 2023 ilikuwa na watu zaidi ya 50,000. Nyumba nyingi ni za matofali mabichi, zimesongamana, na mapaa yake ni ya nyasi, ya plastiki au ya mabati. Sebule mara nyingi ni chumba hicho hicho ambamo watoto hulala usiku.

Nyumba hizi hazifanani, lakini wakazi wake wana hali moja: ardhi si yao. Sheria za Malawi huwataka wakimbizi wakae kambini, na mwezi Machi 2023 serikali iliwaamuru wale waliokuwa wakiishi mijini na vijijini warudi Dzaleka. Mwezi Mei mwaka huo amri hiyo ikaanza kutekelezwa kwa nguvu. Kwa mara moja, watu waliokuwa na nyumba za vyumba kadhaa na maduka walilazimika kuamua nini kichukuliwe na nini kiachwe. Rangi ya ukutani haikuweza kupakiwa. Zulia lililokatwa kwa kipimo cha chumba kikubwa halikuenea katika chumba kidogo. Mikeka, mapazia, vitambaa vya mkono, masanduku na picha ndivyo vilivyoweza kufuata wenyewe.

KANUNI YA MAFUNGU MATATU

Kutokana na mambo hayo yafaa kila jamii inayokaa katika nyumba ya muda iyagawe mapambo yake katika mafungu matatu kabla ya kutoa hata senti moja.

Fungu la kwanza ni vitu vinavyobebeka: mapazia, mikeka, mito, viti vyepesi, taa, picha, vyungu vya maua. Fedha za jamii ziwekwe hapa, kwa maana vitu hivi vitatumika katika nyumba hii, na katika ile ijayo, na hatimaye katika nyumba itakayojengwa nyumbani.

Fungu la pili ni vitu vinavyobaki, lakini ambavyo havikugharimu ila nguvu na wakati: kusiriba ukuta kwa udongo, kupaka chokaa, kupanga mawe, kupanda nyasi na miti. Hivi visionewe choyo. Anayehamia katika nyumba iliyotunzwa na mtangulizi wake hujua thamani yake.

Fungu la tatu ni vitu vinavyogharimu fedha nyingi na haviwezi kuondolewa: vigae vya sakafuni, dari ya mbao, makabati yaliyojengwa ndani ya ukuta. Katika nyumba ya serikali vitu hivi havifanywi bila ya idhini ya maandishi kutoka ofisi inayosimamia majengo, na katika nyumba ya kupanga havifanywi kabla ya mwenye nyumba kukubali kwa maandishi kwamba gharama itakatwa katika kodi. Bila ya karatasi hiyo ni afadhali kuviacha.

KUTA ZA NYUMBA YA MATOFALI

Kazi ya kwanza ni kuosha. Kuta nyingi zinazodhaniwa kuwa zinahitaji rangi mpya zinahitaji maji ya uvuguvugu, sabuni na kitambaa. Kuta zioshwe kuanzia chini kwenda juu ili maji machafu yasiache michirizi iliyokauka, kisha zisuuzwe kuanzia juu kwenda chini.

Ikiwa ruhusa ya kupaka rangi imepatikana, utaratibu wa zamani wa majengo ya serikali bado una maana: rangi mbili, ya giza chini na ya mwanga juu. Sehemu ya chini, kiasi cha mita moja kutoka sakafuni, ndiyo inayoguswa na mikono ya watoto, migongo ya viti na matone ya maji ya kudekia. Kahawia, kijani kilichoiva au buluu ya bahari huficha alama hizo, na rangi ya mafuta huoshwa kwa urahisi. Sehemu ya juu ipakwe nyeupe au rangi ya maziwa ili mwanga wa dirisha uenee chumbani. Mstari unaotenganisha rangi mbili upigwe kwa uzi uliovutwa na kupakwa chaki, usikisiwe kwa jicho.

Hadhari moja haina budi kutolewa hapa. Rangi za mafuta za miaka ya zamani mara nyingi zilikuwa na madini ya risasi, ambayo hudhuru akili ya mtoto. Rangi inayobanduka katika nyumba kuukuu isikwanguliwe ikiwa kavu. Iloweshwe kwanza, ikwanguliwe taratibu, watoto na vyakula vikiwa mbali, na maganda yake yakusanywe na kutupwa, yasifagiliwe uani ambako kuku na watoto hucheza.

Misumari ndiyo chanzo kikubwa cha ugomvi siku ya kukabidhi nyumba. Kila picha hudai msumari, na kila msumari huacha tundu. Dawa yake ni ubao mmoja mwembamba, wenye urefu unaokaribia ule wa ukuta, uliopakwa rangi ile ile ya ukuta na kushikwa kwa misumari mitatu au minne tu, juu kidogo ya kichwa cha mtu mzima. Picha zote, kalenda, saa na kofia ya baba vitundikwe katika ubao huo kwa kulabu. Siku ya kuhama ubao hung'olewa, matundu manne huzibwa, na ubao hupakiwa pamoja na vitu vingine.

KUTA ZA UDONGO

Nyumba ya matofali mabichi haina upungufu wa uzuri. Upungufu wake ni kwamba hudai kutunzwa kila mwaka. Wako wanaodhani kwamba dawa ni kuipiga lipu ya saruji. Saruji haishikani vema na udongo. Udongo hupanuka na kunywea, saruji haifanyi hivyo. Nyufa hutokea, maji ya mvua huingia nyuma ya lipu, na baada ya misimu michache lipu huanguka pamoja na kipande cha ukuta. Ukuta wa udongo husiribwa kwa udongo.

Mchanganyiko mzuri huanza na fungu moja la udongo mfinyanzi kwa mafungu matatu ya mchanga, pamoja na nyasi kavu zilizokatwa fupi kama kidole. Kinyesi kibichi cha ng'ombe kikiongezwa, lipu hushikana zaidi na haipasuki upesi. Mchanganyiko ukandwe kwa miguu na kuachwa siku mbili tatu. Kabla ya kusiriba ukuta mzima, kisiribwe kipande cha ukubwa wa sinia na kuachwa kikauke. Kikipasuka, mchanga uongezwe. Kikitoa vumbi kinapoguswa, udongo mfinyanzi uongezwe. Ukuta uloweshwe kabla ya kusiribwa, na tabaka la kwanza likauke kabisa kabla ya la pili. Kazi hii hufanywa wakati wa kiangazi. Katika nchi ya Lilongwe na Dowa mvua kubwa hunyesha kati ya Novemba na Aprili, kwa hiyo kazi iliyoachwa hadi mwishoni mwa Oktoba imechelewa.

Baada ya lipu kukauka, chokaa huifanya nyumba ya udongo ing'ae kuliko hata nyumba ya saruji isiyotunzwa. Kilo 5 za chokaa iliyozimwa zikorogwe katika maji mpaka ziwe kama maziwa mazito, pamoja na nusu kilo ya chumvi iliyoyeyushwa katika maji ya moto. Rangi hiyo ichujwe kwa kitambaa na kupakwa nyepesi, mara tatu au nne, juu ya ukuta uliotiwa unyevu. Mkono wa kwanza huonekana kama maji matupu na huwakatisha watu tamaa. Weupe hujitokeza ukutani unapokauka. Chokaa huunguza macho na ngozi, basi mpakaji avae miwani au aufunike uso, na watoto wasikaribie ndoo.

Kwa rangi nyingine, ardhi yenyewe ni duka. Udongo mwekundu wa nchi hiyo, udongo mweupe wa mtoni na mkaa uliosagwa hutoa nyekundu, nyeupe na nyeusi. Rangi hizi hushika ukutani zikichanganywa na uji mwepesi wa unga wa ngano uliopoa. Wapo wanaovunja betri kuukuu za redio ili wapate unga mweusi wa kupaka ukuta na sakafu. Desturi hiyo ikomeshwe. Unga huo una madini yenye sumu, nao hushika mikono ya mtoto atambaaye na kuingia kinywani. Mkaa hufanya kazi ile ile bila ya madhara.

Nyekundu, nyeupe na nyeusi ndizo rangi za imigongo, sanaa ya Rwanda ya mashariki, katika nchi iliyoitwa Gisaka na ambayo sehemu yake leo ni wilaya ya Kirehe. Wanawake wa huko huchanganya kinyesi cha ng'ombe na majivu, wakafinyanga kwa vidole migongo ya mistari na pembe iliyoinuka ukutani, kisha wakaipaka rangi. Baada ya mauaji ya mwaka 1994 wajane na wanawake wengine waliifufua sanaa hiyo katika ushirika, na siku hizi hutengenezwa pia juu ya mbao zinazobebeka. Hapo liko funzo: pambo lililokuwa la ukuta likageuka pambo la kuchukuliwa. Mkazi wa chumba cha udongo aweza kufanya mstari mmoja tu wa namna hiyo kuuzunguka mlango kwa ndani, na mwingine mfano wake juu ya kipande cha ubao.

Watu wa pwani nao wana lao la kufundisha. Katika nyumba za kale za Lamu, kuta za ndani zilichongwa vidaka, yaani visanduku vilivyoingia ndani ya ukuta, ambavyo viliwekwa vyombo na mapambo. Anayejenga kwa matofali mabichi aweza kuacha vidaka viwili vitatu wakati wa kupandisha ukuta, mahali pasipobeba boriti, bila ya gharama yoyote. Kidaka huweka taa, Kurani au Biblia, na vitabu vya shule, wala hakichukui nafasi ya sakafu katika chumba chenye hatua nne.

SEBULE YA JAMII NZIMA

Sebule ni ya kukaliwa. Ziko nyumba ambazo sebule hufungwa na kupigwa vumbi kwa ajili ya wageni wasiofika, huku watoto wakifanyia kazi zao za shule jikoni, penye moshi. Chumba chenye mwanga mwingi kuliko vyote kipewe watu wa nyumba, na mgeni atafurahi kuwakuta humo.

Viti vizito vya kifahari haviwafai watu wanaohama. Kando ya barabara za Lilongwe mafundi huuza viti vya mianzi na vya henzirani, vyepesi na vyenye kupitika katika mlango wowote. Fundi wa namna hiyo hakosekani katika miji mingi ya Afrika ya Mashariki. Mito yake ishonewe foronya zenye kufunguliwa na kufuliwa. Vitambaa vya kufuma ambavyo akina mama huviweka juu ya migongo ya makochi si pambo tu. Hukinga kitambaa cha kochi na mafuta ya nywele, basi vifuliwe kila juma.

Sanduku la chuma la askari, ambalo mara nyingi hufichwa chini ya kitanda, hufaa kuwekwa sebuleni. Likifunikwa kwa godoro jembamba na kitenge hukalisha watu wawili au watatu, na ndani yake hukaa mablanketi. Siku ya uhamisho limekwisha kupakiwa.

Mapazia yashonwe kwa kufikiria dirisha lijalo. Kitambaa kiwe na upana wa mara moja na nusu wa dirisha, na pindo la chini liwe nene, kiasi cha sentimita 15 hadi 20. Dirisha la nyumba mpya likiwa refu, pindo hufumuliwa; likiwa fupi, huongezwa. Kitenge, ambacho Malawi hukiita chitenje, hufaa sana, lakini chumba kimoja kisivishwe vitenge vya michoro mitatu tofauti. Mchoro mmoja wa maua, pamoja na rangi mbili tupu zilizochukuliwa kutoka katika mchoro huo, hutosha kukipatanisha chumba chote.

Katika chumba kimoja kinachotumika mchana na usiku, pazia zito lililovutwa juu ya waya hutenga upande wa kulala. Pazia hilo liwe la rangi ya mwanga, na lisifike darini, ili hewa na mwanga vipite juu yake. Vyandarua vikunjwe asubuhi na kufungwa juu, na mikeka ya kulalia ikunjwe na kusimamishwa pembeni. Katika Malawi mkeka wa matete huitwa mphasa. Kwa mtu mwenye sakafu ya udongo, mikeka miwili ya namna hiyo hufanya kazi ya zulia kwa bei ndogo. Ianikwe juani mara kwa mara, kwa maana unyevu huiozesha na kuwafuga kunguni.

Kioo kikitundikwa mkabala wa dirisha huongeza mwanga. Picha zitundikwe kwenye usawa wa macho ya mtu aliyesimama, na zile ambazo watoto wamezichora zipewe nafasi katika ubao ule ule pamoja na picha ya baba au mama akiwa katika sare. Mtoto aliyehamishwa shule mara tatu huhitaji kuona kitu ukutani ambacho alikiona pia katika nyumba zile mbili za kwanza. Kwa hiyo yafaa jamii ichague vitu vitatu au vinne vitakavyotundikwa kwanza kila inapohama, kabla hata ya sufuria kufunguliwa.

Lilongwe uko mita zaidi ya 1,000 juu ya usawa wa bahari, na baridi ya Juni na Julai huwashangaza waliotoka katika nchi za joto. Watu hushawishika kuingiza jiko la mkaa sebuleni na kufunga madirisha. Jambo hilo limeua jamii nzima katika nchi nyingi, kwa kuwa hewa ya sumu ya mkaa haina harufu. Jiko libaki nje mpaka limezimika. Mapazia mazito, mikeka sakafuni na kitambaa kilichokunjwa chini ya mlango ndivyo vizuie baridi.

BARAZA NA UA

Wamalawi huiita baraza khonde, nao huithamini kama wafanyavyo watu wa pwani. Ni chumba kisicho na kodi. Katika nyumba ya Area 47 baraza hutosha viti vinne na vyungu vya maua. Katika chumba cha Dzaleka, ambako mlango hufunguka moja kwa moja njiani, kiti cha udongo kilichosiribwa kando ya ukuta, chini ya kipenu cha nyasi, humpatia mama mahali pa kuchambua mboga na mgeni mahali pa kuketi bila ya kuingia ndani ya usingizi wa watoto. Katika kambi hiyo Tamasha la Tumaini lilianzishwa mwaka 2014, na baadhi ya wageni wanaolihudhuria hulala katika nyumba za wakimbizi. Watu ambao dunia huwajua kama wapokeaji wa misaada hugeuka kuwa wenyeji. Mwenyeji huhitaji mahali pa kumkaribisha mgeni, hata kama ni benchi na mkeka.

Adui wa baraza ni udongo mwekundu. Mvua ya masika ikipiga ardhi tupu hurusha matope ukutani, na nyumba iliyopakwa chokaa mwezi Septemba huonekana chafu mwezi Desemba. Usifagiliwe ukingo ulio chini ya ukuta mpaka ukabaki mtupu. Ukanda wa mita moja uwekwe kokoto au vipande vya matofali, na mbele yake zipandwe nyasi fupi za kutambaa, ambazo Malawi huziita kapinga. Vipandikizi vyake huombwa kwa jirani, huchomekwa kwa umbali wa kiganja wakati wa mvua za kwanza, na huenea zenyewe. Udongo usirundikwe dhidi ya ukuta, wala mimea ya kutambaa isiachwe ipande juu ya ukuta wa matofali mabichi. Njia hizo hutumiwa na mchwa.

Mawe ya kando ya njia, yaliyopakwa chokaa, hujulikana na kila aliyepita kambi ya jeshi. Kazi hiyo ambayo askari huifanya kwa amri mbele ya ofisi ya mkuu wake, haimvunjii heshima kuifanya Jumamosi mbele ya mlango wake mwenyewe, pamoja na watoto. Kuta, ua na chokaa si mzigo wa mama peke yake.

Maua yapandwe katika vyungu na makopo pale ambapo uhamisho unatazamiwa. Kila kopo litobolewe chini, na makopo matupu yasiachwe yakinga maji, kwa sababu mbu huzaliana humo. Maji yakiwa ya kupangiwa foleni, kama ilivyo kambini, bustani itegemee maji yaliyokwisha kutumika. Maji ya kuoshea mboga na nguo, yasiyo na dawa kali, hutosha kumwagilia mgomba uliopandwa penye mfereji wa bafu. Gunia lililojazwa udongo na samadi, lenye nguzo ya mawe katikati ya kupitishia maji, na lililotobolewa ubavuni, huotesha sukuma wiki na vitunguu mbele ya mlango, na huupendeza mlango kuliko maua mengi.

Miti nayo isiogopwe kwa sababu ya uhamisho. Mpapai uliotunzwa vema huweza kuzaa kabla ya mwaka wa pili haujakwisha, na kipindi cha askari katika kituo kimoja mara nyingi huzidi hapo. Mwembe huchelewa, lakini kivuli chake kitamfikia mtu.

SIKU YA KUKABIDHI

Jamii inayofuata utaratibu huu haihitaji siku nyingi za kufungasha. Mapazia hushushwa na kutumika kufungia vyombo. Mito huingia katika sanduku. Ubao wa picha hung'olewa na matundu yake kuzibwa kwa chokaa iliyochanganywa na mchanga laini. Vyungu vya maua ambavyo havitapata nafasi katika lori hupewa majirani. Sakafu hufagiliwa, kuta hupanguswa, na ufunguo hukabidhiwa pamoja na maelezo mafupi kwa anayeingia: bomba lipi huvuja, dirisha lipi halifungi vema, na mpapai uliomwagiliwa mara ya mwisho lini.

Kwa jamii isiyo na chochote cha kuanzia, utaratibu uwe hivi. Juma la kwanza kuta zioshwe au zisiribwe. Juma la pili ubao wa picha upigwe na vitu vile vitatu vitundikwe. Juma la tatu sanduku livishwe kitenge. Juma la nne mawe yapangwe na nyasi zichomekwe, ikiwa mvua zimekaribia. Fedha za mapazia ziwekwe kando kidogo kidogo kila mwisho wa mwezi, nayo yanunuliwe yatakapoweza kulipiwa taslimu.